Alama za Usaili Zinaishia Wapi?

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, walijitokeza waombaji zaidi ya laki moja. Hakuna jopo linaloweza kukaa na watu laki moja mmoja mmoja. Ukafanyika usaili wa kuandika mikoani, na alama zikaamua nani asonge mbele na nani arudi nyumbani. Miaka 11 kabla ya hapo, vijana zaidi ya 10,000 walijazana Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakiwania nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Tangu wakati huo mtihani wa mchujo umezidi kuwa mlango wa kawaida wa kuingilia kazini: serikalini, kwenye mabenki, kampuni za simu, hata mashirika ya misaada.

Sina ugomvi na mtihani. Watu 60 wakigombea kiti kimoja lazima pawe na njia ya kuwapunguza, na njia zilizokuwepo kabla yake tunazijua: kujuana, barua ya mkubwa, jina la ukoo. Lakini kila ninapokutana na maofisa rasilimali watu huwa nawauliza swali moja: aliyepata 82 kwenye usaili wenu wa mwaka juzi, leo anafanya kazi vizuri kuliko aliyepata 64? Wengi hawana jibu, kwa kuwa alama zile hazipo tena. Zilitumika siku moja kupanga orodha, karatasi zikafungwa kwenye boksi, mkataba ukasainiwa, mambo yakaisha.

Hapo ndipo tunapokosea. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikishatabiri mvua za masika, msimu ukiisha hurudi kulinganisha ilichosema na mvua iliyonyesha. Mtihani wa ajira nao ni utabiri. Anayemwambia kijana “hukufaulu” anatabiri kwamba kijana huyo asingeifanya kazi vizuri kama yule aliyechukuliwa. Utabiri huo unabeba riziki ya mtu, na bado ni ofisi chache sana zinazorudi kuukagua.

Kuukagua si jambo jepesi kama linavyoonekana, na kisa kinachoonyesha ugumu wake vizuri kuliko vyote ninavyovijua ni cha marubani wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Jeshi la anga lilihitaji marubani maelfu kwa maelfu, na waliokuwa wakifeli katikati ya mafunzo walikuwa wengi. Wanasaikolojia wakaunda mitihani mingi, mingine ya kuandika, mingine ya mashine zinazopima jinsi mikono na miguu inavyokwenda pamoja na macho. Matokeo yake yaliunganishwa kuwa alama moja, kuanzia 1 hadi 9. Mwaka 1943 jeshi likafanya jambo ambalo waajiri wachache wamewahi kuthubutu: liliwapeleka vijana zaidi ya 1,000 kwenye mafunzo ya urubani bila kujali walipata alama gani. Wenye 9 walikwenda, na wenye 1 walikwenda. Kisha likasubiri kuona nani atahitimu na nani atafeli.

Robert Thorndike, aliyekuwa mmoja wa wanasaikolojia hao, alieleza matokeo katika kitabu chake cha 1949. Uhusiano wa mambo mawili hupimwa kwa namba: 0 maana yake alama hazikuambii lolote kuhusu matokeo, na 1 maana yake zinakuambia yote. Kwa kundi lote, uhusiano wa alama na kuhitimu ulikuwa 0.64, na hiyo ni namba kubwa sana katika fani hii. Halafu akawachukua 136 peke yao, wale ambao wangepita kwa kiwango kikali kilichokuja kutumika baadaye vitani, na kuuangalia tena uhusiano ule ule. Ulishuka hadi 0.18.

Mtihani haukubadilika hata swali moja. Kilichobadilika ni macho ya anayetazama. Ukiwaona waliofaulu tu, wote wana alama za juu zinazokaribiana, na tofauti ndogo kati yao haiwezi kueleza mengi. Kila mwajiri wa kawaida yuko mahali hapo hapo. Meneja anayesema “mitihani haina maana, mbona huyu aliongoza na sasa ananisumbua” anawatazama wale 136. Na meneja anayesema “mtihani wetu ni mzuri, wote tuliowachukua wanachapa kazi” hajui kama wale aliowarudisha nyumbani wasingechapa kazi vile vile.

Kampuni ya umeme ya Duke Power ililijua hilo kwa aibu mbele ya mahakama. Katika kituo chake cha kufua umeme cha Dan River, huko Draper, North Carolina, Wamarekani weusi waliajiriwa katika idara moja tu ya vibarua, na ndani ya idara hiyo hata aliyelipwa mshahara mkubwa alipata pungufu ya aliyelipwa kidogo kabisa katika idara nyingine. Tarehe 2 Julai 1965, siku ile ile sheria iliyopiga marufuku ubaguzi kazini ilipoanza kutumika, kampuni ilianzisha mitihani miwili kwa waajiriwa wapya wa idara nzuri. Mmoja ulikuwa Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12. Mwingine ulipima uelewa wa mambo ya mitambo. Alama ya kufaulu iliwekwa katikati ya alama za wahitimu wa sekondari wa nchi nzima, kwa hiyo hata wenye cheti cha sekondari, karibu nusu yao wangefeli.

Willie Griggs na wenzake 12 walikwenda mahakamani, na mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki kwa kauli moja. Kilichoiangusha kampuni kilikuwa ushahidi uliokuwa ndani ya kuta zake yenyewe. Wazungu walioingia idara zile zamani, bila cheti cha sekondari wala mtihani, walikuwa wanaendelea kufanya kazi vizuri na kupandishwa vyeo. Hakuna aliyekuwa amechunguza kama mitihani ile ilihusiana na kazi ya kuendesha mitambo ya kituo. Jaji Mkuu Warren Burger aliandika kwamba nia njema ya mwajiri haitoshi: kipimo kinachowaangusha watu wa kundi fulani kwa wingi lazima kionyeshwe kuwa kinahusiana na kazi.

Sisi tuna sheria za namna hiyo, ila hatuzitumii kwa jambo hili. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na kinamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inasema karibu hayo hayo. Msailiwa wa Kigoma au Garissa akimuuliza mwajiri “mtihani wenu mmeuthibitisha vipi?”, sheria iko upande wake kuliko anavyodhani.

Basi mitihani inatabiri kwa kiasi gani? Kwa muda mrefu jibu lilitoka kwa Frank Schmidt na John Hunter, waliojumlisha mwaka 1998 utafiti wa miaka 85. Walisema mtihani wa uwezo wa jumla wa akili una uhusiano wa 0.51 na utendaji kazini, sawa na mahojiano yenye mpangilio. Mahojiano ya kienyeji, yale ya “tueleze habari zako”, yalipata 0.38. Usomaji wa mwandiko, ambao kampuni kadhaa za Ulaya ziliuthamini sana, ulipata 0.02. Namba hizo zilifundishwa vyuoni duniani kote, na wauzaji wa mitihani walizibeba kama hati ya ubora.

Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake watatu walizifungua hesabu hizo upya. Kumbuka wale marubani: kwa kuwa mwajiri huwaona waliofaulu tu, watafiti walikuwa wamezoea kuongeza namba ili kufidia wale wasioonekana. Sackett alionyesha kwamba mara nyingi waliongeza kupita kiasi, pasipokuwa na ushahidi wa kutosha wa kufanya hivyo. Baada ya marekebisho, mtihani wa uwezo wa akili ulishuka hadi 0.31. Mahojiano yenye mpangilio yakashika nafasi ya kwanza kwa 0.42, na mahojiano ya kienyeji yakabaki na 0.19.

Namba hizi ni kavu, kwa hiyo nizigeuze kuwa watu. Chukua wafanyakazi 100 waliokuwa katika nusu ya juu ya mtihani. Kama mtihani hauna maana yoyote, 50 kati yao watakuwa katika nusu ya juu ya utendaji, kwa bahati tu. Kwa uhusiano wa 0.51 watakuwa 67. Kwa 0.31 ni 60. Kwa mahojiano yenye mpangilio ni 64, na kwa mahojiano ya kienyeji ni 56. Hakuna kipimo katika orodha hiyo kinachomjua mtu. Vyote vinaongeza kidogo juu ya bahati, na kidogo hicho kina thamani kubwa ukiajiri wengi, ila hakikupi haki ya kumwambia mtu mmoja mmoja kwamba hafai.

Matangazo yetu ya kazi hupenda sharti la “uzoefu usiopungua miaka mitatu”, au mitano, au saba. Mwaka 2019 Chad Van Iddekinge na wenzake walikusanya tafiti kuhusu uzoefu wa kabla ya kuajiriwa na wakakuta uhusiano wake na utendaji katika kazi mpya ni 0.06. Miaka kwenye wasifu haionyeshi mtu alifanya nini katika miaka hiyo. Sharti hilo linawafungia nje wahitimu wapya na halimpi mwajiri kitu cha kushika.

Idadi ya waombaji nayo hubadilisha thamani ya mtihani, na hili lilishaonyeshwa mwaka 1939 na Taylor na Russell kwa majedwali yanayotumika hadi leo. Ukiwa na mtihani wa 0.30, ukachukua nusu ya waombaji, watu 60 kati ya 100 uliowachukua watakuwa wazuri, badala ya 50. Ukichukua mmoja tu kati ya kila 20, watafika 74. Kwa nchi zetu zenye waombaji wengi, hata mtihani dhaifu huonekana kufanya maajabu. Lakini wingi huo huo una hatari yake, nayo inanitia hofu kuliko jambo lolote lingine katika fani hii. Fikiria waombaji 10,000 kwa nafasi 100. Watu 100 tu, yaani mmoja kati ya kila 100, wakiyapata maswali kabla ya siku, hao ndio watakaoongoza orodha, na wanaweza kuzijaza nafasi zote. Mchujo unapokuwa mkali, uvujaji mdogo unameza kila kitu. Magrupu ya WhatsApp na Telegram yanayouza “maswali ya usaili” hayahitaji wateja wengi ili kuuharibu mtihani mzima. Mwajiri anayerudia karatasi ile ile miaka mitatu anapima nani ana marafiki waliomtangulia.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu hasa, nalo ni lugha. Mwaka 1917, Marekani ilipoingia vitani, Robert Yerkes na wenzake waliandaa mitihani ya kupima akili za askari, na hadi vita inaisha walikuwa wamewapima watu wapatao milioni 1.7. Katika mtihani wa wanaojua kusoma Kiingereza lilikuwamo swali lililotaka askari ajue Crisco ni nini. Ni mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakiuzwa madukani Marekani. Mhamiaji aliyetoka Italia au Poland miaka michache nyuma, ambaye mama yake hakuwahi kuyanunua, alikosa alama, na kukosa huko kukaandikwa kuwa upungufu wa akili.

Sasa tuje Dar es Salaam. Benki inatafuta wahudumu wa dirishani. Mtihani uko kwenye kompyuta, kwa Kiingereza, umenunuliwa nje. Swali ni aya ndefu kuhusu kodi ya nyumba katika mji wa Uingereza, chini yake kuna sentensi nne, na msailiwa ana chini ya dakika moja kusema ipi ni kweli, ipi si kweli, na ipi haiwezi kujulikana. Akiajiriwa, atakachokutana nacho dirishani ni mama aliyemezewa kadi na mashine, mgonjwa wake yuko hospitali, foleni nyuma yake inanung’unika, na mazungumzo yote ni ya Kiswahili kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Kijana mwenye akili nyepesi aliyesoma shule ya kata atasoma aya ile mara mbili na muda utamwishia. Aliyesoma shule ya kulipia ataimaliza. Benki itaamini imepata wenye akili, kumbe imepata waliosomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni.

Kama kazi inahitaji Kiingereza, kipimwe, na kipewe alama zake peke yake. Lakini kupima hesabu na kufikiri kwa lugha ambayo kazi haitaitumia ni kuchafua kipimo. Mtu anaweza kukokotoa riba kwa Kiswahili. Mitihani ya namna hiyo inaweza kutungwa hapa hapa, na tuna walimu wa hisabati na wataalamu wa saikolojia wa kuitunga.

Aina ya mtihani ninayoipenda kuliko zote ni ile inayochukua kipande cha kazi yenyewe. Utumishi wa umma unaiita usaili wa vitendo: dereva huendesha, katibu muhtasi huchapa. Nadhani tunaishia mapema mno. Chukua mtunza stoo. Mweke ghalani na hati ya mzigo inayosema katoni 48. Sakafuni kuna 46, moja imechanika pembeni na inavuja. Dereva, ambaye ni mtumishi mwenzako uliyempanga, anamsukuma: “Bosi, weka saini twende, nina safari ya Morogoro.” Kisha tazama. Je, anahesabu kabla ya kushika kalamu? Anaiona katoni iliyochanika? Anaandika upungufu kwenye hati kabla ya kusaini, au anasaini na kuahidi kufuatilia? Anamjibu dereva bila ugomvi na bila kuyumba? Andika mwongozo wa alama kabla, tumia wasimamizi wawili wanaotoa alama bila kushauriana, na kila msailiwa akute katoni zile zile zimepangwa vile vile. Ni kazi ya dakika 15 kwa mtu mmoja. Huwezi kuwapa watu laki moja, lakini kwa 20 waliobaki baada ya mchujo inawezekana kabisa.

Mtihani wa namna hii nao una mipaka. Katika hesabu za Sackett vipimo vya namna hii vilipata 0.33, na vinafaa zaidi kwa anayeijua kazi tayari. Kijana ambaye hajawahi kuingia ghalani lakini angejifunza ndani ya wiki mbili ataonekana dhaifu. Mwajiri mwenye mpango wa mafunzo atafute kipimo kingine kwa ajili yake.

Yote haya yanasimama juu ya neno moja ambalo nimekuwa nikilitumia kana kwamba liko wazi: utendaji. Ili useme mtihani umetabiri, lazima uwe na kipimo cha kile ulichokitabiri, na hapo ofisi nyingi hazina kitu. Utumishi wa umma Tanzania ulianza kutumia OPRAS, mfumo wa kutathmini utendaji, mwaka 2004, na lawama iliyouandama ni fomu kujazwa kwa mazoea, mkuu na mtumishi wakikubaliana alama mwisho wa mwaka ili faili likamilike. Wote wakipata “vizuri sana”, hakuna mtihani duniani utakaoonekana kutabiri chochote, kwa kuwa hakuna tofauti ya kutabiri. Sekta binafsi ina ugonjwa mwingine. Hupima kwa mauzo, na mhudumu wa benki tawi la Kariakoo atamshinda daima mwenzake wa tawi la wilayani, hata kama wa wilayani ni bora mara mbili. Wengine hupima kwa maoni ya meneja, na meneja humpenda anayefanana naye.

Sasa upo mfumo wa PEPMIS, ambamo kazi za mtumishi hurekodiwa na kupimwa kwa njia ya kielektroniki mwaka mzima. Upande wa pili, Sekretarieti ya Ajira inapokea maombi na kuita wasailiwa kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Serikali kwa hiyo inazo pande mbili za hesabu: alama za kuingia na kazi iliyofuata. Ziunganishwe bila majina, kada kwa kada. Walimu waanze, kwa kuwa usaili wao umelalamikiwa sana na wahitimu waliosubiri ajira miaka mingi. Kama alama za usaili wa mwalimu wa hisabati hazihusiani na anavyofundisha Tandahimba miaka miwili baadaye, tunapaswa kujua kabla ya kuwaita wengine. Na kama zinahusiana, hilo nalo litangazwe, kwa kuwa aliyekataliwa kwa kipimo kilichothibitishwa ana sababu ya kukubali matokeo.

Kampuni ya watu 30 haiwezi kufanya hesabu hii peke yake, watu wake ni wachache mno. Chama cha Waajiri Tanzania kinaweza kuwakusanya wanachama wenye kazi zinazofanana, watumie mtihani mmoja na fomu moja ya tathmini, hadi wafike mia kadhaa. Kipimo cha kazi kijazwe na msimamizi ambaye hajaziona alama za usaili, la sivyo atampendelea aliyeongoza. Na kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa za mtu zitumike kwa lengo aliloelezwa, fomu ya maombi iongezwe sentensi moja kumwambia mwombaji kwamba alama zake zitahifadhiwa ili kuupima mtihani wenyewe, na zitahifadhiwa kwa muda gani. Waliokataliwa wapewe alama zao kwa kila sehemu: hesabu, lugha, ujuzi wa kazi. Anayeandaa usaili wa mwezi ujao anaweza kuanza na hayo mawili, sentensi kwenye fomu na jedwali la alama lisilotupwa, kabla ya kununua mtihani mwingine wowote.